Wifi, Hapa Hakuna Foleni

Winnipeg, Manitoba
Mwisho wa Agosti, 2025

Wifi yangu mpenzi,

Harusi imepita salama. Bibi harusi alipendeza, pilau ilitosha watu na majirani, na zile kanga ulizonipa ziligombaniwa na mashangazi wa Mississauga mpaka mbili nikazificha chini ya godoro. Picha nimemtumia mumeo. Akikwambia nilicheza sana usimwamini, yule toka utotoni ni mwongo.

Wewe uliniagiza kitu kimoja tu, hata viatu ulikataa. Uliniambia niulize hawa watu wa Express Entry, ule mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji, wanachaguaje, na kwa nini jina lenu limelala kwenye daftari lao tangu mwezi wa tatu bila hata kupigwa chafya. Basi nimeuliza. Nimeuliza harusini, kwenye basi, msikitini, dukani kwa Msomali anayeuza unga wa ugali, na kwenye treni nilimokaa mpaka miguu ikavimba. Kaa na chai yako, barua ni ndefu. Kaka naye msomee, ila ile sehemu ya umri ipitie polepole, maana atanuna.

Kwanza kabisa, hapa hakuna foleni. Si kama dirisha la dawa pale hospitalini kwenu, aliyefika alfajiri akahudumiwa kabla ya aliyefika saa nne. Mtu aliyejiandikisha juzi usiku anaweza kuitwa leo, na wewe uliyejiandikisha mwezi wa tatu ukaachwa, wala hakuna aliyehonga. Kila aliyemo daftarini ana alama zake, kati ya 1,200, na wote wamepangwa kwa alama hizo kutoka juu kwenda chini. Siku ya droo waziri anakuwa ameshatoa maelekezo: leo tunaita kundi gani, na tunaita watu wangapi. Kompyuta inaanza juu, inahesabu kushuka, idadi ikitimia inasimama. Alama za yule wa mwisho kuhesabiwa ndizo zinazotangazwa, na ndizo kaka anazozikodolea macho kwenye simu kila Jumatano kuanzia saa moja ya usiku, wakati Ottawa ndiyo kwanza saa sita mchana.

Kwa hiyo ile namba si alama ya kufaulu iliyokaa mahali inamngoja mtu aifikie. Hakuna mtu aliyeipanga. Wao wanapanga idadi na kundi. Namba inajiangukia yenyewe, kutegemea ni nani wengine wamo humo daftarini siku hiyo. Hili nimewaeleza hata watu wanaoishi huku miaka, na bado wengine wananijibu, "Lakini mwaka jana walikuwa wanachukua 500." Walichukua nani? Wangapi? Hapo wananyamaza.

Tazama historia yake yenyewe. Droo ya kwanza kabisa ilifanyika tarehe 31 Januari 2015. Waliitwa watu 779, na wa mwisho alikuwa na alama 886. Miaka sita baadaye, tarehe 13 Februari 2021, siku ya Jumamosi watu wamelala, waliitwa 27,332 kwa mpigo, na wa mwisho alikuwa na alama 75. Sabini na tano, wifi! Hata mimi na cheti changu cha ualimu ningepata zaidi ya hapo. Si kwamba watu walikuwa wamepungukiwa akili mwaka ule. Serikali, waziri akiwa Marco Mendicino, ilikuwa imeahidi kupokea wahamiaji 401,000 mwaka huo, na mipaka imefungwa kwa korona. Watu wa kutoka nje watafikaje? Wakaamua kuwaita waliokwisha kuwa ndani ya nchi, wenye mwaka mmoja wa kazi hapa hapa Kanada, karibu wote waliokuwemo daftarini. Sasa watu wa aina yako, waliokuwa kwao Dodoma na Mombasa na Lagos wenye alama 460, walikaa wakiangalia 75 inapita. Droo za wazi kwa wote zilirudi Julai 2022, na siku hiyo ya kwanza namba ilikuwa 557. Daftari lilikuwa limefurika wenye alama za juu waliokuwa wakingoja.

Hiyo ndiyo sababu sitaki kaka aendelee kuchora ile grafu yake ukutani. Anachora matokeo tu, kilichoyaleta hakionekani humo.

Haya, nikupeleke Ottawa. Nilikwenda kwa basi kutoka Toronto, nikafikia kwa mzee mmoja wa Unguja aliyehamia zamani sana, mstaafu wa serikali, rafiki wa marehemu baba. Anaongea Kiswahili kile cha zamani ambacho hata Zanzibar kinapungua sasa, na bado anapika mkate wa kumimina kila Ijumaa. Asubuhi alinitembeza kandokando ya mfereji wa Rideau mpaka kwenye kilima cha Bunge, halafu tukapita barabara ya Laurier, kwenye ofisi za idara ya uhamiaji. Sijui nilitarajia nini. Labda kuona watu wamekaa nje na bahasha za kaki kama pale kwetu. Hakuna mtu. Watumishi na vitambulisho vyao shingoni wamekaa juani wanakula mkate. Mambo yote yanakwenda mtandaoni, hakuna mlango wa kugonga wala mjomba wa kumpigia simu. Nikamwambia mzee, afadhali. Akacheka, akasema si kila mtu anaona afadhali.

Yeye ndiye aliyenifungua macho kuhusu mpango wa mwaka. Kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Novemba kupita, waziri wa uhamiaji anatakiwa kuwasilisha bungeni taarifa ya watu wangapi watapokelewa na kwa njia zipi. Mzee anasema watu wanafuatilia droo kila wiki lakini karatasi hiyo moja hawaisomi, na yote yanatokea humo. Oktoba 2024 ndipo walipopunguza. Mwaka huu wa 2025 walikuwa wamepanga kupokea wakaazi wapya wa kudumu 500,000. Wakashusha mpaka 395,000, mwaka kesho 380,000, na 2027 wawe 365,000. Nyumba zimekuwa ghali, watu wamelalamika, na wanasiasa wanahesabu kura kama kwingine kokote. Katika mpango huo huo wakasema zaidi ya asilimia 40 ya watakaopewa ukaazi watatoka miongoni mwa waliokwisha kuwa nchini, wanafunzi na wafanyakazi wa muda.

Nikamuuliza, sasa wifi yangu aliyeko Dodoma hiyo inamhusu nini? Akaniambia: mtu anayeitwa leo ana siku 60 za kupeleka maombi kamili, halafu idara inajipa kama miezi sita kuyapitia, kisha afunge mizigo. Maana yake mialiko ya nusu hii ya mwaka ni ya watu watakaoshuka uwanjani mwaka kesho. Ikiwa mwaka kesho nafasi ni chache, na maombi ya zamani yamerundikana mezani, mialiko inapungua sasa hivi. Na mialiko ikipungua, ile hesabu ya kutoka juu inasimama mapema. Pia droo mbili zikipishana siku nyingi, juu panajaa tena watu wapya wenye alama kubwa, na namba inapanda hata kama idadi ni ileile. Basi ukiona wiki zinapita kimya, usifikirie wanarundika mialiko ili waje waimwage kwa mkupuo.

Sasa nikusimulie habari ya kijana wa lori, kwa sababu ilinikaa rohoni.

Nilikaa naye meza moja harusini. Mkisii, anaishi Brampton, anaendesha lori kubwa la matairi kumi na nane mpaka Alberta na kurudi. Mwaka jana mwishoni alitimiza mwaka wake mmoja wa kazi, akaingia daftarini na alama 515, zikiwemo 50 alizopewa kwa sababu mwajiri wake alikuwa amemwandikia rasmi ofa ya kazi. Februari mwaka huu wakaitwa wenye uzoefu wa Kanada, wa mwisho akawa na 521. Akakosa kwa alama sita. Akasema sawa, kuna lile kundi maalumu la usafirishaji, nitapitia huko. Mwisho wa Februari idara ikatangaza makundi mapya ya mwaka, usafirishaji umeondolewa. Tarehe 25 Machi wakafuta alama za ofa ya kazi kwa kila mtu, kwa sababu barua za ofa zilikuwa zinauzwa kwa maelfu ya dola na matapeli. Akalala na 515, akaamka na 465. Yeye barua yake hakuinunua. Tangu hapo droo za wenye uzoefu wa Kanada hazijashuka chini ya 515, na kibali chake cha kazi kinaisha kabla ya masika. Ananieleza yote hayo huku anamkatia nyama mtoto wa watu aliyekaa pembeni yake, sauti haipandi. Mimi ndiye niliyetaka kupiga meza.

Nakuandikia haya wifi kwa sababu kaka anasema "ngoja tu, zamu yetu itafika." Kungoja peke yake hakukuongezei kitu. Kunapunguza. Na hapa ndipo pale nilipokwambia usome polepole.

Umri. Kwa mtu anayeomba na mwenzi wake, kuanzia miaka 20 mpaka 29 anapata alama 100 za umri. Kuanzia 30 zinaanza kudondoka, tano kila siku ya kuzaliwa, mpaka ukifika 40 una 45, na kuanzia 45 huna kitu. Zinadondoka siku hiyo hiyo ya kuzaliwa, kompyuta haisahau kama waume wanavyosahau. Wewe una 31, kwa hiyo una 90. Kaka ana 38, ana 55. Tofauti ya alama 35 kabla hamjafungua hata cheti kimoja. Na bado mlijiandikisha yeye akiwa mwombaji mkuu, kwa sababu ndiye baba mwenye nyumba!

Najua jinsi mjadala huo ulivyokwenda, maana namjua aliyeuendesha. Lakini hawa watu hawaulizi nani anakaa kichwani mwa meza. Mume na mke mnaruhusiwa kuchagua nani awe mbele, na anayetangulia anapaswa kuwa mwenye alama nyingi. Zaidi ya umri, wewe ni muuguzi. Kuna kundi maalumu la afya na huduma za jamii, tangu Juni 2023 wanaitwa peke yao. Kaka ni mhasibu, na mhasibu hana kundi. Mwaka huu tarehe 2 Mei waliitwa watu wa afya 500 tu, wa mwisho akawa na 510. Tarehe 22 Julai wakaitwa 4,000, namba ikashuka mpaka 475. Agosti hii wakaita 2,500, ikawa 470. Kundi lile lile, mwaka ule ule, kilichobadilika ni idadi na nani amebaki daftarini. Na kaka jina lake lisingefikiwa katika yoyote ya hizo, hata angekuwa na alama 500, kwa sababu huyo anayeitwa si yeye.

Nimekaa na kalamu nikakuhesabia wewe ukiwa mbele. Umri 90. Shahada yako 112. Kiingereza: kusikiliza ulipata 8, kusoma 7, kuongea 7, lakini kuandika ukapata 6.5. Hiyo nusu, wifi! Kwa kuandika peke yake inakunyima alama saba, hilo dogo. Kubwa ni kwamba kuna alama za nyongeza zinazounganisha lugha na elimu, na lugha na miaka ya kazi, na hizo haziji zote mpaka stadi zote nne zifike kiwango cha tisa cha Kanada, yaani kwenye kuandika uwe na 7. Sasa hivi unapata 13 za elimu na 25 za kazi. Ukifikisha 7 unapata 25 na 50. Jumlisha: nusu alama ya insha ni alama 44 za daftarini. Pamoja na 20 za kaka, nane kwa shahada yake na 12 kwa Kiingereza chake, leo ungekuwa na 369. Ukirudia mtihani na kupata 7 kwenye kuandika, 413.

Rudia mtihani. Usisubiri mpaka watoto wa wodini walale ndipo usome, omba likizo, tafuta mwalimu wa insha, rudia. Matokeo yale yanaishi miaka miwili tu, kwa hiyo hata ukiwa huna shida ya alama ungekuja kuyarudia.

413 bado haitoshi, najua. Hapo ndipo treni inapoingia.

Kutoka Toronto mpaka hapa Winnipeg nilipanda ile treni iendayo Vancouver. Ukitoka Sudbury ni msitu na maziwa, msitu na maziwa, mpaka unajiuliza hawa watu wanaosema nyumba hazitoshi wamekosa wapi pa kujenga. Kulala ni kwenye kiti, labda uwe na hela. Chakula ghali; nilikuwa na sambusa za harusini nikazigawa kwa kipimo kama dawa. Kila mara treni inaingizwa pembeni, inasimama, na gari la mizigo linapita, makontena yamepandana mawili mawili, linapita mpaka unasahau kama lilikuwa na mwanzo. Reli si ya abiria, ni ya mizigo, na mwenye reli anatangulia. Hatukufika kwa saa iliyoandikwa, wala hakuna aliyeonekana kushangaa.

Jirani yangu kwenye treni alikuwa mama wa Bukavu. Nilimsikia anaongea na simu, Kiswahili chao kile cha Kivu, nikamsalimia, akaruka kidogo. Tukashikamana mpaka mwisho wa safari. Yeye anafundisha watoto wadogo kwenye shule ya Kifaransa hapa Saint-Boniface, na alipata mwaliko akiwa bado Nairobi, mwezi Februari 2024, tarehe 29. Siku hiyo waliitwa watu 2,500 wanaojua Kifaransa, na wa mwisho alikuwa na alama 336. Yeye alikuwa na 350 na kitu. Nikamwambia kuna wifi yangu ana zaidi ya hizo na amekaa. Akaniambia, "Banaita benye Kifaransa mbele, mama. Aanze kujifunza."

Sababu yake ni ya kisiasa na ya zamani. Nje ya Quebec, wazungumzaji wa Kifaransa wamepungua mwaka hadi mwaka mbele ya Kiingereza, na serikali imejifunga kuwaongeza kwa njia ya uhamiaji: mwaka huu wawe asilimia 8.5 ya wanaopokelewa nje ya Quebec, mwaka kesho 9.5, na 2027 wawe 10. Quebec yenyewe inachagua watu wake kwa utaratibu wake, ina mkataba na serikali kuu tangu 1991, na daftari hili la Express Entry si mlango wa mtu anayetaka kuishi kule. Kwa hiyo anayehitajika ni mtu wa Kifaransa aliye tayari kuishi Winnipeg, Sudbury, Moncton. Ndiyo maana Wakongo na Warundi wengi niliokutana nao hapa wamepita mbele ya Watanzania na Wakenya wenye vyeti vizito kuliko vyao. Wabelgiji hawakukusudia kuwafanyia hisani hiyo, lakini wameipata.

Ila usidhani na hiyo ni njia ya mteremko siku zote. Machi mwaka huu waliita wa Kifaransa 7,500 na namba ikawa 379. Tarehe 8 Agosti wakaita 2,500, ikapanda mpaka 481. Unaona tena? Idadi.

Kwako Kifaransa kina faida mbili. Ukifika kiwango cha saba chao katika stadi zote nne, ambacho ni kama kile walimu wanachokiita B2, unapata alama 12 za lugha ya pili na 50 za nyongeza. 413 inakuwa 475. Na unakuwa umesimama kwenye makundi mawili kwa pamoja, afya na Kifaransa. Lakini B2 si mchezo wa miezi mitatu kwa mtu mwenye zamu za usiku na mtoto mdogo. Huyo mama wa Bukavu kakisoma Kifaransa tangu chekechea. Ukianza darasani leo, mwakani utakuwa umetimiza 32, alama tano zimekwenda, una 470. Hiyo 470 ndiyo ya Agosti hii. Mwakani itakuwa ngapi, mzee wa Ottawa hajui, kijana wa lori hajui, na anayekwambia anajua anataka hela yako.

Na kwa kuwa nimetaja hela: yule wakala wa mjini anayewadai malipo ya "kuharakisha mwaliko", mwacheni kabisa. Kujiandikisha daftarini ni bure. Hakuna mtu anayeweza kusogeza jina, kwa sababu hakuna mtu anayeligusa. Anayeruhusiwa kulipwa kwa ushauri ni wakili au mshauri aliyesajiliwa na chombo chao, na majina ya waliosajiliwa yapo wazi mtandaoni. Huyo wenu nimemtafuta. Hayumo.

Kuna mahali pamoja tu ambapo kuwahi kunasaidia. Watu wengi wakifungana kwenye alama ya mwisho, anachukuliwa aliyejiandikisha mapema, kwa tarehe na saa mpaka sekunde. Kwa hiyo mkibadilisha mwombaji mkuu mtafungua jina jipya na saa yenu itaanza upya. Msiumie. Jina la kaka lilikuwa halielekei popote, na lenyewe lingekufa likitimiza miezi 12.

Kuna njia ya majimbo pia. Jimbo likikuteua unapewa alama 600, na hapo umemaliza, droo yoyote ya walioteuliwa itakubeba. Manitoba hapa ni kati ya waliotangulia kuanzisha mambo hayo. Lakini katika ule mpango wa Oktoba nafasi za majimbo zilikatwa nusu, kutoka 110,000 mpaka 55,000, na majimbo sasa yanawapa kwanza waliokwisha kufika na wanaofanya kazi humu. Msiitegemee sana.

Jana nilivuka lile daraja la waenda kwa miguu kwenda Saint-Boniface, nikaona kaburi la Louis Riel mbele ya kanisa kuu, halafu mama wa Bukavu akanipeleka kwa rafiki yake muuguzi, Mrundi. Huyo ndiye ninayetaka ukae naye kwenye simu, namba nitakupa. Amepata ukaazi kwa kundi la afya, amefika, na miezi yote hii anafanya kazi ya kulea wazee huku anangoja leseni. Mwaliko wa serikali kuu na ruhusa ya kuchoma mtu sindano ni vitu viwili mbalimbali. Leseni inatolewa na baraza la wauguzi la jimbo unaloishi, lina karatasi zake na mtihani wake, ule NCLEX wanaofanya pia Wamarekani. Anakushauri uanze hizo karatasi ukiwa bado Dodoma, chuo chako kikiwa karibu, kwa sababu barua za chuo ukiziomba kutoka huku zinachukua muda mrefu kuliko droo.

Karatasi nyingine muanze sasa, maana siku 60 baada ya mwaliko ni chache. Barua za waajiri: zisiseme tu "alikuwa mfanyakazi mwaminifu." Ziseme ulifanya nini, saa ngapi kwa wiki, kwa mshahara gani, kuanzia lini mpaka lini, kwa karatasi yenye nembo na sahihi. Matroni wako mwandikie mwenyewe rasimu umpelekee na soda. Na kaka alikaa Muscat miaka miwili, kwa hiyo wanataka cheti cha polisi cha Oman, si cha Tanzania peke yake. Nchi yoyote uliyokaa miezi sita au zaidi mfululizo katika miaka kumi iliyopita. Ana rafiki bado yuko kule Ruwi, ampigie simu wiki hii, si siku ya mwaliko.

La mwisho ni fedha, na hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo litakaloleta maneno nyumbani. Kwa watu watatu, kuanzia Julai mwaka huu, wanataka muonyeshe dola 23,360 za Kanada. Zidisha mwenyewe, mimi nilizidisha nikakaa kimya. Ziwe zenu, si za mkopo; benki iandike barua inayoonyesha salio la sasa na wastani wa miezi sita iliyopita. Kiwanja cha Nala hakihesabiwi kikiwa kiwanja, hata kiwe na hati. Kikiuzwa wiki ya mwaliko, wastani wa miezi sita utakuwa mdogo na afisa atauliza hela imeshuka kutoka wapi, mtatoa mkataba wa mauzo na maelezo. Kikiuzwa sasa, hela ikakaa benki, na mwaliko usije mwaka huu wala mwakani, mtakuwa hamna kiwanja na shilingi inazidi kupungua. Mimi nina maoni yangu, lakini kiwanja alikitoa mama, na siku anakitoa alisema maneno mbele ya watu. Kwa hiyo hilo mkae naye nyinyi wawili, mkamweleze namba kama nilivyokueleza, na asikie kwako, si kwa kaka, maana kaka ataanza na habari ya 75 ya mwaka 2021.

Nitakuwa Dar Alhamisi ijayo. Nipime mtoto mguu kwa kamba unitumie urefu, hapa viatu vya baridi vimeshuka bei.

Wifi yako akupendaye